Si kawaida, ni ada

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kwetu ni Mpwapwa, nimeposa binti wa Tanga. Barua ya majibu imetaja mambo matatu: mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Nikamtuma mshenga akaulize kama huo mkaja ni jambo la kawaida, na kama unaweza kuunganishwa na mahari nilipe vyote kwa mkupuo. Mjomba wa binti akang'aka: "Mwambie si kawaida, ni ada. Na kuuliza hivyo si adabu." Mshenga amerudi na maneno hayo, na mimi nayaona yote ni yale yale. Nimekosea wapi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kukubaliwa. Hujakataliwa, basi tulia.

Anza na hilo neno lako, kawaida. Kwa Kiarabu lilikotoka, lilikuwa na maana ya kanuni, misingi ya jambo. Sisi tumelilainisha mpaka limebaki kuwa lile linalotokea siku nyingi: mvua za kawaida, bei ya kawaida. Ukiuliza kama mkaja ni wa kawaida, mjomba anasikia unauliza bei ya sokoni, kama wengine nao hutozwa.

Ada ni neno jingine kabisa. Nalo ni la Kiarabu, asili yake ni mazoea, lakini pwani lilishikamana na haki ya mtu. Somo anayemfunda mwari ana ada yake. Fundi akimaliza kumfunza kijana kazi, hupewa kilemba. Hata ada ya shule unayoijua wewe imetoka humo humo. Tazama vitenzi utaona: desturi hufuatwa, ada hutolewa. Usipofuata desturi watu watashangaa kisha watasahau. Usipotoa ada, kuna mtu mmoja, mwenye jina na sura, aliyebaki anakudai.

Na huyu anayekudai ni mama mkwe wako mtarajiwa. Mkaja ni ile nguo mzazi anayofungwa tumboni akishajifungua. Nimemwona marehemu bibi yangu, Pangani, akimfunga mama yangu mdogo: anazungusha, anavuta kwa goti, anazungusha tena, na mzazi ameuma meno. Siku arobaini. Basi binti akiolewa, mama hupewa mkaja wake, maana lile tumbo lilifungwa kwa ajili ya huyu unayemchukua. Sasa wewe umesema uchanganywe na mahari. Mahari, kwa ndoa ya Kiislamu, ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Ukivichanganya, ya mama umeyatia kwenye mkono wa mwanawe. Hapo ndipo mjomba alipochomwa, na mimi namuelewa.

Ama adabu, hilo naona alikuonea kidogo. Siku moja bibi alikuwa na wageni wa bara. Mimi, mtoto wa miaka minane, nilipewa birika na beseni niwanawishe. Mgeni mmoja akakataa, akainuka akanawa mwenyewe mtungini. Bibi akasema taratibu, "Si desturi yetu, ila hana kosa." Nikaendelea. Kufika kwa babu, nikampa kitambaa kwa mkono wa kushoto. Bibi akanipokonya mbele ya wageni wote: "Huna adabu!" Chakula kile kile, mkeka ule ule. Mgeni hakuijua njia ya nyumba ile. Mimi niliijua, nikapuuza. Ndiyo maana tunasema mtu hana adabu, au ametiwa adabu, na hujapata kusikia mtu ametiwa desturi. Mshairi Mwana Kupona alipomuusia bintiye kwa utenzi mwaka 1858, alitanguliza dini, adabu akaiweka ya pili, na papo hapo akataja ulimi. Wewe ulimi wako ulikosea kwa kutojua. Umefanana na yule mgeni wa mtungini kuliko mimi na kitambaa changu.

Shukuru hukugusa mwiko, maana hilo ndilo neno zito kuliko yote. Azimio la Arusha la 1967 lilipowakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha, masharti yale yakaitwa miiko ya uongozi. Wangeweza kuyaita taratibu. Wakachagua neno ambalo mtu hulisikia tangu utotoni, likiambatana na hofu.

Sasa fanya hivi. Mrudishe mshenga, asiende na hesabu. Mkaja utiwe kwenye bahasha yake peke yake, uandikwe mkaja wa mama, na ukiweza uambatane na doti ya khanga. Kilemba vilevile mbali, na mahari mbali. Kama kiasi kinakulemea, omba upunguziwe. Kuomba kunaruhusiwa sana, wazee wetu hupenda kuombwa. Ila ombi limfikie mama kupitia wakubwa zake, na neno "kawaida" lisitajwe tena. Mshenga aseme tu: "Mwanenu hakujua. Haki ya mama hii hapa." Kisha anyamaze, awaachie wao waseme.