Kibali Kimeshatoka, Sisi Hatukuulizwa: Barua Zenu Kuhusu Bomba

SWALI: Mwanangu, hii barua naandikiwa na mjukuu maana macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha. Asubuhi moja nimetoka nje nakuta mti aliouotesha marehemu mume wangu umepigwa X nyekundu, na vijana wenye vizibao vya kung'aa wako wanapima. Wananiambia mama bomba la mafuta linapita hapa, kibali kimeshatoka huko juu na viongozi wenu walishakubali. Nikawauliza na mimi nani aliniuliza, wakanionyesha karatasi yenye jina langu na saini yangu. Kumbe ni ile karatasi ya mahudhurio, tuliisaini mwaka juzi kwenye kikao ambacho hata saa moja hakikufika, walituonyesha picha ukutani, wakasema maendeleo yanakuja, wakaondoka. Hiyo ndo ridhaa yangu? Na kama kibali kimetoka bado kuna la kufanya au tunajichosha tu?

JIBU: Shikamoo mama. Barua yako nimeisoma mara tatu na ile X kwenye mti wa mzee imenikaa kichwani wiki nzima.

Hapana mama, hiyo sio ridhaa. Karatasi ya mahudhurio inasema ulikuwepo, basi. Haisemi ulielewa, haisemi ulikubali, na mtu anayeigeuza kuwa kibali anajua kabisa anachofanya. Kuja kukwambia na kuja kukuuliza ni vitu viwili, na tofauti yake iko kwenye swali moja tu, je ukisema hapana kuna chochote kinaweza kubadilika? Kama ramani imeshachorwa na mkandarasi ameshapatikana, hapo hujaulizwa, umetangaziwa.

Na hili silisemi kwa hasira tu, mahakama zimeshalisema. Kanada kuna bomba la mafuta linaitwa Trans Mountain, serikali ilipitisha upanuzi wake Novemba 2016, wenyeji wa asili wakaenda mahakamani, na Agosti 2018 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikafuta kile kibali. Sababu mojawapo ni kwamba maofisa waliotumwa kuongea na wenyeji walikuwa wanasikiliza na kuandika tu, walikaa wakajaza madaftari, lakini hawakuwa na mamlaka ya kujibu hoja wala kubadilisha kitu. Mahakama ikasema hayo sio mashauriano. Ebu kumbuka kikao chenu mama, kuna swali hata moja mliuliza mkarudishiwa jibu?

Kenya nako kulikuwa na mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Lamu. Sio bomba lakini ugomvi ni huuhuu, na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni yake. Vikao vilifanyika kweli, tatizo vilifanyika kabla ya ule utafiti wa athari, sasa watu wangejadili nini wakati taarifa yenyewe haipo? Lile baraza likafananisha ushirikishwaji wa wananchi na oksijeni, bila hiyo ripoti haina uhai hata iwe nene namna gani.

Hilo la viongozi wenu kukubali kwa niaba yenu nalo lina jibu lake. Afrika Kusini, kampuni ilikuwa inataka kutafuta mafuta na gesi baharini karibu na Pwani ya Wild Coast, ikaongea na watawala wa jadi na kuweka matangazo kwenye magazeti ya Kiingereza na Kiafrikana wakati watu wa pale wanaongea Kixhosa. Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Makhanda ikasema kuongea na wakubwa sio kuongea na jamii, na haki ya kutafuta mafuta ikafutwa.

Sasa mama nisikudanganye, kushinda mahakamani sio lazima bomba life. Kule Kanada serikali ilirudi kwa wenyeji ikashauriana upya, ikapitisha tena Juni 2019 na bomba likaanza kazi Mei 2024. Afrika Kusini mahakama ya rufaa mwaka 2024 ilikubali kwamba utaratibu ulivunjwa ila ikaacha mlango wa kuurekebisha. Lakini kurudishwa mezani ni jambo kubwa jamani, hapo ndo mnaweza kudai njia ihamishwe, bomba lisikaribie nyumba na visima, masharti yaandikwe.

Kwa hiyo fanyeni haraka, na hapa kwenye haraka ndo nataka mnisikie vizuri, maana muda wa kupinga kibali kisheria huwa ni mfupi, sehemu nyingine siku chache tu, na mara nyingi unahesabiwa toka kibali kitoke, sio toka wewe uone rangi kwenye mti. Ombeni kwa maandishi ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, ramani ya njia ya bomba, kibali chenyewe na masharti yake, na muhtasari wa kile kikao. Barua iwe na nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, wakikataa kugonga andikeni tarehe, saa na jina la aliyekataa. Alafu mjukuu wako apige picha ile X na tarehe ionekane, na kila aliyehudhuria kikao akae aandike anachokumbuka, kilianza saa ngapi, kwa lugha gani, nani aliuliza nini akajibiwa nini. Fanyeni kila mtu peke yake, msiandikiane. Wakili mtakayempata, hata wa msaada wa kisheria, hayo ndo atayatafuta siku ya kwanza.

SWALI: Mambo dada. Sisi vijana tumechoka, barua tumeandika hatujajibiwa na matinga yameshaanza kusafisha njia. Kuna wenzetu wanasema usiku tung'oe zile alama za mipaka, wengine wanasema tulale barabarani. Nasikia na mahakama imetoa zuio la sisi kusogea pale. Unatushauri nini?

JIBU: Poa mdogo wangu. Alama msing'oe. Mkiing'oa moja tu habari nzima inageuka, hamtakuwa tena watu ambao hawakuulizwa, mtakuwa watu walioharibu mali, na kampuni itapumua.

Hilo zuio ndo linanitisha zaidi. Kuandamana kwa amani ni jambo moja, kukaidi amri ya mahakama ni jambo jingine na lina bei yake. Ireland, kaunti ya Mayo, mwaka 2005 wanaume watano walifungwa siku 94 kwa sababu walikataa kutii amri ya kuwaruhusu watu wa bomba la gesi kuingia kwenye ardhi yao. Bomba lilipangwa kupita kama mita 70 kutoka kwenye nyumba za watu na lilisanifiwa kubeba gesi yenye mgandamizo wa hadi bar 345 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Kufungwa kwao kuliamsha nchi, ukafanyika uchunguzi wa usalama, mgandamizo ukashushwa sana na njia ikabadilishwa. Gesi hata hivyo ilianza kutiririka mwisho wa mwaka 2015. Wale watu nawaheshimu sana, ila walijua wanakwenda wapi na walienda kwa hiari. Je vijana wenu wote wanajua? Yule wa miaka 17 anajua? Kabla ya mtu kulala barabarani akae na wakili, lile zuio lisomwe neno kwa neno kwa sauti, mjue linakataza eneo gani na kwa nani, maana mara nyingi kuna sehemu ya kusimama na mabango bila kuligusa.

Na kuna mlango mwingine vijana wengi hawaugongi, ni benki. Bomba halijengwi kwa pesa za mfukoni, linajengwa kwa mikopo, na benki kubwa nyingi zimejiwekea kanuni za kutokopesha mradi ambao jamii haikushirikishwa. Wakati wa maandamano ya Standing Rock, eneo la wenyeji wa asili kule Marekani, kupinga bomba la Dakota Access watu waliziandikia benki bila kuchoka, na mwaka 2017 benki ya ING ya Uholanzi ikauza sehemu yake ya mkopo. Bomba lilijengwa, mafuta yanapita mpaka leo, ila fedha zilisikia. Tafuteni nani anakopesha huo wa kwenu, mpelekeeni zile picha na zile barua ambazo hamkujibiwa.

SWALI: Mimi nilishasaini nikachukua fidia, nilikuwa na mgonjwa. Sasa majirani wananiita msaliti, hawanisalimii. Nimeshajitoa kwenye hii vita?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na pole ya mgonjwa. Hukumsaliti mtu. Ulipelekewa karatasi siku ambayo ulikuwa huna namna, na hilo nalo ni ushahidi, liandike.

Hujajitoa. Memphis, Marekani, kulikuwa na bomba la Byhalia lililopangwa kupita kwenye mitaa ya watu weusi, na mtu wa kampuni alisimama mbele ya watu akasema wamechagua njia yenye upinzani mdogo. Wamiliki wengi walikuwa wameshasaini. Wachache wakakataa, wakashtakiwa, lakini watu wa mtaa waliwasimamia, kusaini kwa wengi hakukumaliza vita, na Julai 2021 kampuni ikaufuta mradi.

Wewe soma mkataba wako. Kawaida juu ya bomba huruhusiwi kujenga wala kupanda miti yenye mizizi mirefu, hata kama ardhi bado ni yako, na wengi wanakuja kugundua hilo wakati msingi umeshachimbwa. Angalia kama fidia ililipia miti, angalia likivuja nani anasafisha na nani analipa. Kama hukupewa nakala kaidai kesho asubuhi, na nenda na jirani mmoja, hata yule asiyekusalimia, mwambie unakwenda kuchukua karatasi ambayo na yeye ataletewa.