Shafti ya beringi na vernia inayosoma hadi nukta mbili

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mikindani, Mtwara. Nimejinunulia mashine ndogo ya kukereza, ile ya kuweka juu ya meza, ili nisikae bure. Sasa majirani wameanza kuniletea vipuri vya mashine zao za kubangulia korosho. Vernia yangu, kile kipimo cha kutelezesha chenye meno ya kubana kazi, ni ya dijitali, inasoma hadi 0.01 mm. Juzi nilikereza shafti mbili za kuvaa beringi 6204, na zote vernia iliniambia 20.00. Moja beringi inapwaya, nyingine haiingii hata kwa nyundo. Muuza duka ananishauri ninunue seti kamili ya vipimo, sanduku zima kwa laki nane, na nifunge kiyoyozi kwenye chumba cha mashine. Ninunue?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usinunue hilo sanduku. Kiyoyozi funga ukipenda kwa usingizi wako wa mchana, shafti haikihitaji.

Swali lako huniijia mara kwa mara, likiwa limevaa nguo tofauti. Leo shafti, kesho bushi, keshokutwa pistoni. Na kila nikimwambia mtu kwamba kipimo chake ndicho kinachomdanganya, jibu ni lile lile: "Lakini fundi, inasoma nukta mbili!" Inasoma, ndiyo. Hata saa mbovu inaonyesha dakika. Kioo kinaandika 0.01 kwa sababu saketi iliyomo ndani imeundwa kugawa hivyo. Kama meno ya vernia yamekaa sambamba, kama kitelezi hakichezi, kama mkono wako haukukandamiza mno, kioo hakijui na wala hakiulizi.

Vernia nzuri ya 150 mm, kutoka kwa mtengenezaji anayejiheshimu, yeye mwenyewe huandika kwamba inaweza kukosea 0.02 mm kwenda juu au chini. Za bei ya chini huandikwa 0.03, na hapo ni ikiwa mpya, safi, mkononi mwa mtu aliyezoea. Kwa hiyo 20.00 yako inaweza kuwa 19.97, na inaweza kuwa 20.03. Sasa tazama unachokitafuta. Tundu la beringi 6204 ni 20 mm, na kiwanda kinaruhusiwa kulipunguza kwa hadi 0.010 mm, hakiruhusiwi kulizidisha. Shafti inayozunguka na beringi hiyo kwa kawaida hukerezwa kwa kiwango cha k6, yaani kati ya 20.002 na 20.015. Nafasi yote uliyopewa ni 0.013 mm. Kosa la vernia yako ni kubwa kuliko nafasi hiyo, Mwalimu. Shafti zako mbili hazina siri nyingine.

Ernst Abbe, Mjerumani wa mambo ya lenzi, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1890: kitu kinachopimwa kikae kwenye mstari mmoja na skeli inayokipima. Vernia haiko hivyo. Skeli iko juu, shafti iko chini kati ya meno, na kitelezi kikilegea kidogo tu jino linainama bila wewe kuona. Ndiyo maana ukipima kwa ncha za meno unapata namba moja, ukisogeza shafti karibu na skeli unapata nyingine. Maikromita, kipimo kinachobana kazi kwa skrubu, imejengwa ikiifuata kanuni hiyo, na nzuri ya 0–25 mm hukosea mikroni mbili hadi nne tu, yaani 0.002 hadi 0.004 mm.

Basi nunua maikromita moja ya 0–25, isiyo ya betri, yenye kirachi cha kukaza kwa nguvu ile ile kila mara. Ongeza geji ya mshale, ile inayoonyesha kazi inavyoyumba ikizunguka, na stendi yake ya sumaku. Chaki ya meno matatu, yaani kishikio cha kazi, kwenye mashine ndogo huyumbisha kazi, mara nyingi kwa 0.05 mm au zaidi, na bila ile geji utaitoa shafti, utairudisha, kisha ushangae imekwenda wapi. Mengine ya kwenye sanduku yatakula vumbi. Vernia usiitupe, ni nzuri kwa urefu na kwa kukereza kabla hujafikia kipimo.

Utajuaje kama maikromita uliyouziwa ni nzima? Usiangalie boksi. Jina la Mitutoyo, watengenezaji wa vipimo wa Japani, linaghushiwa dunia nzima, na hata kile cheti cha ukaguzi kilichokunjwa ndani kinaghushiwa. Tafuta beringi 608, ile ndogo ya viatu vya magurudumu, kutoka duka unaloliamini. Kipenyo chake cha nje ni 22 mm, na kwa kiwango cha kawaida hakitakiwi kuzidi hapo wala kupungua chini ya 21.991. Pima tatu, nne, za makundi tofauti kama unaweza, maana beringi bandia nazo zipo. Maikromita ikikuambia 21.995 kwenye zote, tulia nayo. Ikikuambia 22.03, irudishe kabla muuzaji hajasahau sura yako. Vernia ipime kwa kipenyo cha nje cha 6204, ambacho ni 47 mm. Ila usitumie upana wa beringi: hapo kiwanda kinaruhusiwa kupunguza kwa hadi 0.12 mm, na wengi wamelaani kifaa kizima kwa kosa hilo.

Kuhusu joto, muuzaji wako amesikia nusu ya habari. Ni kweli vipimo vya viwandani vimewekwa kwa nyuzi 20, na Mtwara mchana nyuzi hizo huzioni kwa urahisi. Lakini shafti ya chuma, beringi ya chuma na maikromita ya chuma, vyote vikiwa na joto moja la nyuzi 30, vimetanuka karibu sawasawa. Hasara iko kwenye shafti iliyotoka kukerezwa sasa hivi. Ikiwa imepanda nyuzi 30 juu ya joto la chumba, kipenyo cha 20 mm kimeongezeka kama 0.007 mm, na hiyo ni nusu ya nafasi yako. Ukiifikisha kwenye kipimo ikiwa moto, itapoa ikiwa imepungua. Nenda kanywe chai kwanza, rudi upime, ndipo ukate mkato wa mwisho. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hiyo iogope zaidi.

Pia kagua ringi ya namba kwenye mkono wa mashine yako. Kwenye mashine nyingine ukisogeza 0.01 unatoa 0.02 kwenye kipenyo, kwa sababu chuma kinakatwa pande zote mbili.

Chumvi ya bahari ya Mikindani ni adui mwingine. Futa jasho, paka oili nyepesi, na usiiweke maikromita midomo ikiwa imebanana. Nimewahi kuulizwa kama mafuta ya maganda ya korosho yanafaa kuzuia kutu. Hapana jamani! Yanaunguza ngozi na yakikauka yanaganda. Viwandani hutumika kutengenezea bitana za breki.

Shafti yako inayopwaya usiitupe. Kama umbo lake linaruhusu, ishushe iwe ya beringi 6203, tundu 17 mm: lenga kati ya 17.001 na 17.012, upime kila mwisho wa kiti cha beringi kwa sababu mashine ndogo hupenda kukata mshazari. Hilo ndilo zoezi la kukuzoesha maikromita.

Usichofanya ni kile utakachoshauriwa na mtu wa kwanza utakayemwonyesha. Atachukua senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kutia alama, na nyundo, aipige shafti vidoti pande zote, beringi itakaza, nawe utaambiwa kazi imekwisha. Beringi hapo imeshikwa na vilele vya vidoti tu. Vitalala baada ya muda mfupi wa kazi, shafti itaanza kuzunguka ndani ya beringi na kulika, na safari ijayo hakuna cha kuokoa. Mwingine atakata kopo la soda na kulizungushia. Bati la kopo ni kama 0.1 mm, yaani 0.2 kwenye kipenyo: aliyelihitaji alikuwa ameikosa shafti kwa kiasi ambacho hata rula nzuri ingekaribia kukiona. Gundi halali za kushikilia beringi zipo, zinauzwa kwa kazi hiyo na kwa pengo dogo linalojulikana. Supaglu si mojawapo.

Na hili nawaambia hata wasiokuwa na mashine. Msimu wa korosho ukikaribia, kila mwenye mtambo ana haraka, na haraka hiyo ndiyo mtaji wa mafundi hawa wa panchi. Shafti imekatika, fundi anachukua kipimo kwa kidole gumba, anakereza, anapiga panchi, anapokea hela. Mwezi mmoja baadaye beringi imeunguza mota na lawama anabebeshwa aliyeuza beringi. Ukimpelekea mtu shafti, kabla hujatoa malipo ya awali mwombe akuonyeshe maikromita yake, halafu muombe apime beringi mpya mbele yako. Akikataa, au akianza kubana vernia kwenye chuma kinachozunguka, chukua shafti yako uondoke. Ukikosa pa kwenda, ulizia karakana ya chuo cha ufundi cha VETA au ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, Mtwara na Lindi zote ziko, na uulize kwanza kama kuna mwalimu wa ukerezaji aliye na nafasi ya kukupimia.