Pima mkaa kwa maji utakayoyatoa, si kwa maji yanayoingia

Mdogo wangu uliyeingia kazini juzi na kukabidhiwa ndoo, maji yenye floraidi (madini ambayo yakizidi huharibu meno) na mkaa wa mifupa wa kuyanasa, nakuomba jambo moja kabla hujashika kikokotoo: usipange kazi kwa kutumia uwezo wa juu kabisa wa mkaa. Tunaoanza karibu wote huteleza hapo. Unaona kwenye grafu ya Langmuir, ile inayoonyesha mkaa hubeba floraidi kiasi gani hadi unapojaa, kwamba gramu moja hubeba miligramu 5, unagawanya, unapata jibu dogo la kupendeza. Lakini mkaa hubeba kulingana na floraidi iliyobaki majini mwishoni. Maji yakikaribia usafi, mkaa nao hushika kidogo.

Chukua ndoo ya lita 20 yenye miligramu 10 za floraidi kwa lita. Huko Arumeru, mkoani Arusha, maji ya namna hiyo yapo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5, kwa hiyo unaondoa jumla ya miligramu 170. Tuseme majaribio yako yameonyesha kwamba gramu moja hushika miligramu 0.8 mara kipeuo cha pili cha kiasi kinachobaki katika kila lita. Kwenye 1.5 hiyo ni miligramu 0.98 tu, nawe unahitaji gramu 173 hivi. Aliyegawanya kwa 5 ataweka gramu 34, na maji yatabaki na zaidi ya 6. Huyo anawanywesha watoto maji yatakayowatia meno rangi ya kahawia, huku akiamini kazi imeisha.

Sasa gawa kazi mara mbili. Shusha kwanza hadi 4 kwa gramu 75, mimina maji kwenye mkaa mpya, malizia kwa gramu 51. Jumla 126: umeokoa zaidi ya robo ya mkaa. Gharama yake ni ndoo ya pili na mtu wa kumimina, na kijijini mtu huyo ni mama mwenye kazi nyingine kumi. Muulize kwanza kama ataweza.

Lililoniumiza mimi ni maji ya majaribio. Nilitengeneza yangu kwa maji yaliyokenekwa na chumvi ya floraidi, grafu ikanyooka vizuri sana. Nilipoleta dumu la maji ya kisimani, mkaa uleule ulishika kidogo kuliko nilivyotabiri, na vipimo vyote nikavirudia. Maji ya kule yana bikaboneti nyingi (chumvi za kawaida za maji ya ardhini) na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, iko juu, na hayo yote huupunguzia mkaa nguvu. Tangu siku hiyo nachota maji ya chanzo chenyewe. Na uzito wa mkaa katika chupa zako za majaribio uupange ili mabaki yaizunguke 1.5, mengine juu kidogo, mengine chini. Ukiwa na nukta za 5 na 6 peke yake, hapo chini unabahatisha.

Muda nao upime kwa chembe utakazotumia kweli. Unga laini hushika haraka lakini hautulii chini ya ndoo. Chembe kubwa hutulia upesi, ila zinataka saa nyingi.

Halafu vunja kipande cha mkaa mkononi. Kikinuka mfupa, hakijaiva, na maji yatachukua harufu hiyo. Kikiwa cheupe kama chokaa, moto ulizidi na uwezo wake umeshuka. Rudisha gunia kabla hujapima chochote.