Ripoti imesema seli zinajiua, je ubongo unaoza?

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu mwezi uliopita kafanyiwa operesheni, wametoa uvimbe kwenye ile tezi ya chini ya ubongo, walipitia puani. Kabla ya hapo viatu vilimpanda toka namba 38 mpaka 41 na pete ya ndoa ilibidi sonara aikate. Sasa majibu ya kinyama yametoka yameandika "apoptosisi chache", shemeji kapekua kwenye simu akasema ni seli kujiua, basi mama hali halali anaona mwanae anaoza ubongo. Ni kweli?
Mdogo mtu, Tanga

JIBU: Marahaba. Mwambie mama ale, hakuna kinachooza hapo.

Kile kinyama kinalowekwa kwenye fomalini, kinakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kinatiwa rangi ya pinki na zambarau, ndo daktari anakaa kwenye hadubini. Seli nzima kiini chake kiduara kimetulia tu. Inayojiua unaijua, imenywea kama zabibu kavu, kiini kimekuwa cheusi kimekatika vidonge vidonge na pembeni kuna kauwazi keupe yaani imeshajitenga na wenzake. Haipasuki. Inajifunga vifurushi, seli za jirani zinavimeza, na baada ya masaa kadhaa huoni hata alama kama palikuwa na kitu, ndo maana kwenye kioo zinaonekana chache, kwa uvimbe wa kawaida wa pituitari (ndo hiyo tezi ya chini ya ubongo) mara nyingi hata 1 kwa 100 haifiki. Hata hilo jina apoptosisi, wanasayansi wakina Kerr, Wyllie na Currie walilitoa mwaka 1972 kutoka Kigiriki, maana yake majani kupukutika, sasa mbuyu ukipukutisha majani kiangazi nani anasema umeoza?

Kuoza ni nekrosisi, seli inavimba inapasuka inamwaga vya ndani, mwili unakuja juu. Halafu kuna apopleksia ya pituitari, uvimbe unavuja damu ghafla, kichwa kinauma vibaya mno na macho yanaingia giza, hiyo ndo ya kukimbiza mtu hospitali usiku huohuo. Majina yanafanana, nahisi shemeji kaangukia huko (na hizi simu nazo!).

Ila msishangilie wala kulia kwa hilo neno "chache", peke yake halisemi kama uvimbe utarudi. Angalieni kwenye ripoti hiyohiyo palipoandikwa Ki-67, hiyo inahesabu seli zinazojiandaa kugawanyika, ikizidi asilimia 3 madaktari wanamfuatilia kwa karibu zaidi. Na huyu kwa vile miguu na vidole vilikua, uvimbe wake naona ulikuwa wa homoni ya ukuaji, kwa hiyo muulizeni daktari wake kuhusu kipimo cha damu cha IGF-1 (kinaonyesha kama homoni hiyo bado iko juu) na picha ya MRI, kawaida ni kama miezi 3 baada ya operesheni. Pete mpya msinunue kwanza, vidole huwa vinapungua.