Maswali ya Magari: Vivo ya Thika na mji wake wa asili

SWALI: Nina Polo Vivo iliyounganishwa Thika mwaka 2017. Nimenunua taa ya mbele na bampa za Polo ya 2012 iliyotoka Japani, zimekataa kukaa. Muuzaji ananiambia gari langu "ni la Afrika Kusini". Si Volkswagen ni ya Ujerumani? Na huko Afrika Kusini ni wapi hasa?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Muuzaji kasema kweli, ingawa angeisema kabla ya kupokea pesa. Vivo za Thika zilianza kuunganishwa Desemba 2016 kwa vipande vilivyotoka kiwanda cha Uitenhage, mji wa Rasi ya Mashariki unaoitwa Kariega tangu 2021. Vivo ya kwanza, ya 2010 hadi 2018, ina bodi ya Polo ya kizazi cha nne. Polo ya Japani ya 2012 ni kizazi cha tano. Jina moja, bodi mbili: taa, bampa, fenda na boneti haziingiliani, na fundi akilazimisha atakuachia mianya na vishikio vilivyovunjika.

Ukirudi kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, Nairobi, beba namba ya chesisi yote, herufi na tarakimu 17. Ipo chini ya kioo cha mbele. Ikianza na AAV, hiyo ni Volkswagen ya Afrika Kusini, na nafasi ya 11 ikiwa U, ni Uitenhage. Namba hizo hazitumii I, O wala Q, kwa hiyo unachodhani ni O ni sifuri. Kosa hilo dogo limeleta spea nyingi zisizofaa.

Sasa mji. Uitenhage uko kilomita 35 hivi kutoka bandari ya Port Elizabeth, leo Gqeberha, na ulikuwa na karakana za reli na viwanda vya kuosha sufu kabla ya magari, yaani mikono iliyozoea chuma ilikuwepo. Bandarini, Ford ilianza kuunganisha Model T mwaka 1924 ndani ya ghala la zamani la sufu. General Motors ikafuata 1926. Magari yalishushwa vipande vipande ndani ya makasha ya mbao, na mbao hizo ndizo watu wa mtaa wa Korsten, Port Elizabeth, walizojengea vibanda. Kobe (Beetle) wa kwanza wa Volkswagen alitoka Uitenhage Agosti 31, 1951.

SWALI: Kwa nini viwanda vya Afrika Kusini havikuishia kufunga bolti tu?
Msomaji huyo huyo

JIBU: Sheria. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ilidai sehemu ya kila gari itengenezwe nchini, ikipimwa kwa uzito. Basi viwanda vikakimbilia vitu vizito: Ford ilifungua kiwanda cha injini Struandale, Port Elizabeth, mwaka 1964. Vipande vyepesi vya bei kali viliendelea kuagizwa nje, kasoro iliyorekebishwa 1989 tu, kipimo kilipokuwa thamani. Ford ilihamishia uunganishaji Pretoria miaka ya 1980, injini zikabaki Struandale.