Umenunua Redio ya Mtumba: Kiwanda Bado Kinakujua?

Barua za mwezi huu zimekuja na swali moja lenye sura nyingi. Redio ya ridhaa iliyokwisha kupita mikono miwili mitatu ikiharibika, nani ataitibu? Kwa asiyeifahamu, redio ya ridhaa ni ile ya kupokea na kurusha. Hutumiwa na watu wenye leseni kwa kujifunza na kuzungumza na wenzao wa nchi nyingine, si kwa biashara. Nyingi tulizo nazo sisi ni za mtumba, na ndiyo maana suala hili linanigusa.

Shikamoo mwalimu. Hapa Tanga nimeonyeshwa Kenwood TS-440S. Ukiiwasha, skrini inaonyesha nukta tupu, hakuna namba za masafa (frikwensi). Mwenyewe anasema ni waya tu umelegea. Nichukue?

Marahaba. Hizo nukta ni ugonjwa maarufu wa redio hiyo. Maana yake, saketi inayozalisha masafa imeshindwa kutulia, na redio inakataa kufanya kazi mpaka itulie. Mara nyingi mkosaji ni gundi. Katikati ya miaka ya 1980, redio hizi zilipokuwa zikiundwa, kiwanda kiliweka gundi juu ya vijenzi, yaani vipande vidogo vya umeme, vya saketi hiyo visitikisike. Gundi ikazeeka, ikanyonya unyevu, ikaanza kupitisha umeme pasipotakiwa na kula miguu ya vijenzi. Kwa hewa ya pwani yetu, ongeza chumvi juu ya hayo.

Dawa ipo: kuikwangua gundi yote bila kuvunja kitu, kusafisha kwa spiriti, kubadilisha vijenzi vilivyoliwa na kulehemu upya. Ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu na subira. Kuna nyakati nukta hizohizo huletwa na skrubu za ubao wa saketi zilizolegea au soketi zenye kutu, kwa hiyo huenda muuzaji anasema kweli. Hata hivyo lipa bei ya redio yenye gundi. Ikitokea ni waya, hiyo ni riziki yako.

Usiweke tumaini la ubao mpya kutoka kiwandani kwa redio ya karibu miaka 40. Kinachoiweka hai ni mwongozo wa ufundi, ule wenye michoro ya saketi na volteji za kila pointi, pamoja na wenye redio hizo walioandika walivyozitibu. Utafute mwongozo huo kabla hujatoa hela. Na uwe mwongozo wa fundi. Kile kitabu cha mtumiaji hakitakusaidia hapa.

Niko Mombasa. Mzungu anayerudi kwao ananiuzia Elecraft K3. Kampuni iko California, mimi si mnunuzi wa kwanza. Nikiwaandikia watanijibu kweli?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mnunuzi aulize. Redio mbili zinaweza kuwa na umri mmoja na bei moja, lakini moja ina kiwanda nyuma yake na nyingine ni yatima.

K3 ilianza kutoka mwaka 2007, na iliundwa kwa namna inayomfaa mtu kama wewe. Ndani ni mbao zinazochomekwa na kuchomolewa, na wateja wengi waliinunua ikiwa vipande wakaiunga wenyewe mezani bila hata kulehemu. Maana yake ni kwamba maelezo ya kuifungua na kuifunga yapo, yameandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Programu zake za ndani hupakuliwa bure na hakuna anayekuuliza risiti. Mwaka 2015 ilipotoka K3S, mwenye K3 ya zamani hakuambiwa atupe yake. Aliweza kununua mbao nyingi za toleo jipya, ukiwemo ule wa kuzalisha masafa, na kuzichomeka kwenye redio yake ya miaka minane. Kwangu hiyo ndiyo heshima kwa mteja, na inamfikia hata mteja wa pili na wa tatu.

Kwa hiyo waandikie. Taja namba ya redio, sema umeinunua kwa mtu, eleza tatizo kwa utaratibu. Ila usilale. Sasa kampuni ina K4, na kila uzalishaji unapohamia kwenye modeli mpya, spea za ile ya zamani huanza kuisha moja baada ya nyingine. Kama unajua kuna ubao utauhitaji, ulizia sasa.

Nakuambia hivyo kwa sababu ya Ten-Tec. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1968 huko Sevierville, Tennessee, na ilijijengea sifa ya kupokea redio zake za zamani na kuzirekebisha, hata ziwe na umri gani. Watu walinunua Ten-Tec za mtumba kwa sababu hiyo. Kuanzia 2014 kampuni ikaanza kubadilisha wamiliki, ikahama nyumbani kwake, na mlango ule waliouzoea watu haukuwa tena ule. Ahadi ya kiwanda hudumu kadiri kiwanda chenyewe kinavyodumu.

Kinachobaki baada ya hapo ni karatasi. Heathkit wa Michigan waliacha kuuza redio za kuunga mwenyewe mwaka 1992, lakini hadi leo redio zao zinatengenezeka, maana vitabu vyao vilieleza kila hatua na kila waya, na kisanduku cha kuweka alama ukimaliza. Basi ukishaichukua K3 hiyo, usiku huohuo pakua kila mwongozo na kila toleo la programu, uweke nakala mahali pawili.

Assalaam alaykum. Marehemu baba yangu ameacha Icom IC-751 hapa Muscat. Imekaa kabatini miaka mingi. Nataka kuisafisha na kuiwasha kwa ajili ya kumkumbuka. Nianzie wapi?

Wa alaykum salaam, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Nakusihi jambo moja kabla ya yote: usichomoe betri yoyote utakayoiona ndani.

Katika IC-751, na ndugu zake IC-745 na IC-R71, kuna ubao mdogo wenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya lithiamu. Redio nyingine betri ikifa unapoteza stesheni ulizohifadhi tu. Hapa ni zaidi ya hivyo. Maelekezo ambayo redio inayahitaji ili ifanye kazi yamo kwenye kumbukumbu hiyo. Betri ikifa au ikichomolewa yanafutika, na redio nzima isiyo na kasoro nyingine inakuwa kama imekata roho. Huenda wahandisi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 walidhani betri itabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Hawakuwaza redio itakayorithiwa na mtoto.

Fundi apime kwanza volteji ya betri hiyo. Ikiwa bado iko karibu na 3, abadilishe huku akilisha kumbukumbu kwa betri nyingine pembeni, na chuma cha kulehemu kiwe kimechomolewa kwenye umeme wakati wa kugusa. Ikiwa imekwisha kufa, usilie. Wapo mafundi wa nje ya kiwanda waliounda ubao mbadala usiotegemea betri kutunza maelekezo, na unaingia mahali palepale. Wengi huuweka hata kabla ya betri kufa, na mimi naunga mkono.

Halafu huko uliko una bahati. Oman ni nchi ambayo Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na alama ya mwito (jina la mtu hewani), A41AA, na chama cha kifalme cha redio ya ridhaa kipo hapo Muscat. Wapelekee wao waione kwanza kabla ya fundi wa simu mtaani. Huenda wapo waliowahi kumsikia mzee hewani.

Waranti ya redio ya mtumba inahamia kwangu?

Kwa kawaida haihamii. Ni ya mnunuzi wa kwanza, na mara nyingi ya nchi ilikouzwa. Mimi niliwahi kuomba kununua kijenzi kimoja cha kitasa cha kubadilishia masafa, kwa pesa yangu, si kwa waranti. Nikajibiwa na wakala mmoja kwamba hawauzi spea kwa mtu asiye na risiti ya kwao. Redio ilikaa miezi sita mezani. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua mtumba nauliza kama kiwanda kinauza spea kwa yeyote, kisha ndiyo naangalia mikwaruzo.

Fundi wangu Arusha ameagiza mtandaoni transista 2SC2879 kwa bei chee. Zimeungua mara mbili. Kosa ni la fundi?

Usimlaumu haraka. Transista hiyo ya Toshiba, kijenzi kinachokuza nguvu ya kurusha, ilikwisha kuacha kutengenezwa, lakini sokoni bado inauzwa "mpya" kila siku, na bandia ni nyingi mno. Juu imeandikwa vizuri, ndani kuna kipande kidogo kisichohimili nguvu. Bora transista ya zamani iliyotolewa kwenye redio mbovu, iliyopimwa, kuliko mpya ya bei chee. Na zikiwekwa, mjaribu kwanza kwa nguvu ndogo kwenye mzigo bandia, yaani kifaa cha kumeza nguvu badala ya kuirusha, si kwenye antena.

Balaa la kukosa vipande halisi haliko kwenye vyuma vya zamani tu. Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha Asahi Kasei huko Nobeoka, Japani, kiliungua, na hata watengenezaji wa redio mpya wakahangaika kupata chipu.

Yaesu FT-101 au Kenwood TS-520? Zote za valvu, bei sawa. Mimi mzee wa Kigoma, nataka ya kudumu.

Mzee wangu, shikamoo. Chukua TS-520. Valvu zake za mwisho, zile taa za kioo zinazosukuma nguvu kwenye antena, zinaweza kubadilishwa na 6146B, aina iliyotumika kwenye redio nyingi sana, kwa hiyo bado inapatikana. Ile ya FT-101, yaani 6JS6C, iliundwa kwa ajili ya televisheni za rangi, na televisheni hizo zilipokwisha nayo ikaadimika. Redio ni nzuri zote mbili, ila utachoka kuitafuta hiyo valvu.

Niko Minnesota. Nataka kumtumia kaka yangu Dodoma redio yangu ya zamani. Kuna la kuangalia?

Matatu. Kwanza masafa: Marekani mnaruhusiwa kutoka megahezi 7.0 hadi 7.3, sisi upande huu tunaishia 7.2; na kwenye mawimbi ya mita 2 sisi tunaishia megahezi 146 wakati ninyi mnafika 148. Redio yako itarusha huko bila kumkataza, basi ajue mipaka. Pili, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, awe nayo mkononi kabla mzigo haujafika forodhani. Tatu, usimtumie pawa saplai ya volti 120 pekee. Anunue ya 230 hapahapa, inayotoa volti 13.8 na walau ampea 20 kama redio ni ya wati 100.

Na ndani ya boksi weka risiti yako ya kwanza. Siku akiwaandikia kiwandani, itamfungulia mlango.