Mbao za nje zilizopigwa na jua: praima ipi itashika?

Ukuta wa mbao ukiachwa wazi bila rangi, jua huuharibu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa maabara ya mazao ya misitu ya Madison, Marekani, walionyesha kwamba wiki 2 au 3 za kukaa wazi zinatosha kupunguza mshiko wa rangi. Kinachoharibika ni lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Ikiisha, ubao unageuka kijivu na nyuzi za juu zinalegea. Praima, yaani rangi ya kwanza inayopakwa chini, hata iwe ya bei gani, itashika nyuzi hizo legevu, si ubao wenyewe. Rangi ikianza kubanduka, okota kipande ukigeuze: utaona vinyweleo vya kijivu vimeganda mgongoni. Hapo usilaumu kopo, ni maandalizi.

Kwa hiyo pima kwanza. Futa vumbi, bandika plasta ya kidonda, ikandamize kwa kidole gumba, kisha ivute ghafla. Ikitoka na nyuzi, endelea kupiga msasa: namba 60, halafu 80, kufuata mkondo wa nyuzi, mpaka uone rangi ya asili ya ubao. Usimalizie na 220, kwa sababu ubao uliolainishwa mno haunywi praima vizuri. Kuosha kwa mashine ya presha hatushauri. Inachambua nyuzi na kusukuma maji ndani. Mbao zilizowekewa dawa ya kijani huweza kuwa na sumu ya arseniki, na rangi kuukuu ya mafuta huweza kuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, waondoe watoto, na vipande vya mbao hizo visiingie jikoni kama kuni.

Ubao uwe mkavu, unyevu usizidi asilimia 15. Kama huna kipimo, baada ya mvua subiri siku 3 au 4 za jua kamili.

Sasa praima. Kwa mbao zilizochakaa, tunachagua ya mafuta, ile ya alkidi ya mbao za nje. Inakauka polepole, na huo ndio uzuri wake: inapata muda wa kuzama. Ya maji, ya akriliki, inafaa mbao mpya au zilizorudishwa hadi kwenye ubao mzima, maana inanyumbuka ubao unapovimba na kusinyaa. Juu ya praima ya mafuta iliyokauka unaweza kupaka rangi ya maji ya nje bila shida.

Kosa tunaloliona kila mara ni fundi kuchukua rangi ya gloss, kuitia petroli hadi iwe nyepesi kama chai, na kuiita praima. Petroli ni hatari ya moto, na ikishapaa inaacha utando mwembamba usioziba chochote. Ukihitaji kuchanganya, tumia white spirit, kiyeyushi cha rangi ya mafuta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo.

Usisahau ncha za mbao. Pale ubao ulipokatwa, nyuzi ziko wazi kama mirija na zinanyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Rangi huanzia hapo kufura. Zipake ncha hizo praima mara 2. Vichwa vya misumari iliyoshika kutu visugue kwa brashi ya waya, uvipake praima ya chuma, la sivyo michirizi ya kahawia itapenya hadi juu.

Kiasi: nyumba ya mita 6 kwa 4, kuta za mita 2.5, ina mita za mraba 50. Toa 6 za milango na madirisha, zinabaki 44. Mbao zilizochakaa zinakunywa sana. Hesabu lita 1 kwa mita za mraba 7, yaani lita 6.3. Nunua makopo 2 ya lita 4, kinachobaki kitaishia kwenye ncha. Paka kwa brashi, ukisukuma ndani ya nyufa, maana rola inaziruka.

Acha saa 24, au zaidi kukiwa na unyevunyevu, kisha paka rangi ya juu mikono 2 kabla wiki 2 hazijaisha. Praima iliyoachwa juani inafanya unga, na itabidi uisugue tena.